Uzamili wa teknolojia ya elimu ukiwa bado unashika chaki: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu wa Baiolojia, Njombe

Ndugu walimu, habari za kazi. Ninafundisha Baiolojia na Kemia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Njombe, na huu ni mwaka wangu wa saba kazini. Nina vipindi 24 kwa wiki, zamu hunifikia kila baada ya wiki tano, na mkondo mmoja wa kidato cha pili una wanafunzi 68. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, nimekuwa mtu wa kuitwa ofisini kila faili linapogoma kufunguka, na mkuu wa shule ameniteua kuwa mratibu wa TEHAMA bila kunipunguzia hata kipindi kimoja.

Jambo lililonifanya nifikirie kurudi shule ni dogo. Mwezi wa tatu nilikuwa na hadubini moja nzima, na darasa zima lilitakiwa lione seli za ngozi ya kitunguu. Miaka ya nyuma foleni ya kuchungulia ilikuwa inamaliza kipindi, na wa mwisho walikuwa wanaweka jicho huku kengele inalia. Safari hii niliegesha kamera ya kishikwambi juu ya lenzi ya kuchungulia, nikakiunganisha na projekta, na kuta za seli zikatokea ubaoni kubwa kama madirisha. Darasa lilishangilia. Wiki mbili baadaye nilitoa jaribio, na walioweza kuchora seli sawasawa hawakuwazidi wale wa mwaka uliotangulia, waliopanga foleni. Nimejaribu kueleza kwa nini, nimeshindwa, na mpaka leo jambo hili linanikera.

Nataka kusoma shahada ya uzamili ya teknolojia ya elimu nikiwa kazini. Bodi ya Mikopo bado inakata asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi, na ukizingatia kwamba mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, benki haina cha maana cha kunikopesha. Naomba waliopita njia hii wanieleze kama inafaa kusoma hapa nchini au mtandaoni kwa chuo cha nje, kama kishikwambi na bando vinatosha, na kama masomo yenyewe yanamfaa mtu ambaye atarudi kesho yake asubuhi kwenye darasa la watoto 68.

Jibu: Mwalimu wa Hisabati, Singida

Mwalimu mwenzangu, nilimaliza uzamili wangu kwa njia ya masafa, hapa hapa nchini, baada ya miaka mitatu na nusu, ingawa nilipoanza nilimwahidi mke wangu miaka miwili. Nitaanza na muda, kwa sababu ada unaweza kuilipa kwa awamu lakini usiku hauna awamu.

Ukiwa na vipindi 24, siku za kazi hazina nafasi ya kuandika jambo lolote refu, kwa hiyo usijidanganye kwa ratiba nzuri ya ukutani. Nilichoweza ni kusoma kwa muda wa saa moja na nusu alfajiri, kuanzia saa kumi, kabla ya nyumba kuamka, na kazi za kuandika nilizisukuma kwenye likizo za Juni na Desemba. Mwaka wa pili niliandikisha kozi moja tu kwa muhula mmoja, wenzangu wakanicheka, lakini kati ya wanne tulioanza pamoja kutoka wilaya yetu ni wawili tuliovaa joho, na sote wawili ni wale tuliokwenda polepole. Mwezi wa Novemba ufute kabisa kwenye hesabu zako, kwani ukiteuliwa kusimamia mitihani ya kidato cha nne hutagusa kitabu.

Kuhusu kishikwambi, kinatosha kwa kusoma na kuhudhuria vipindi vya mtandaoni, lakini hakitoshi kwa kuandika tasnifu. Nilijaribu sura ya kwanza kwa kidole, na jedwali moja lilinichukua jioni nzima. Mwishowe nikanunua kompyuta mpakato iliyotumika na kibodi yake ilikuwa imekufa herufi mbili. Bando nalo nililijengea utaratibu: Jumamosi nilikwenda mjini kwenye intaneti ya kituo cha walimu, nikapakua makala na video zote za wiki mbili kwa mkupuo, nikarudi nazo kwenye diski ndogo. Video za mihadhara nilizipakua kwa ubora wa chini kabisa, kwa maana uso wa mhadhiri hauhitaji kuonekana vizuri ili hoja yake ieleweke.

Kwa upande wa vyuo, anza kwa kutazama orodha ya programu zilizoidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na usitegemee matangazo ya vipeperushi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa ambako mtu anaweza kufanyia mitihani bila kuhama kituo chake cha kazi, na kwa mwalimu wa mkoani huo ni unafuu mkubwa. Ukichagua chuo cha nje, iulize Tume kwa maandishi, kabla hujalipa hata senti, kama watakutambulia shahada hiyo, na jibu lao ulihifadhi.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililoniuma. Nilidhani nitafundishwa programu za kompyuta, na ni kweli kozi mbili zilikuwa hivyo. Programu tulizofundishwa zilikuwa zimebadilika sura kabla sijahitimu. Kozi iliyonilipa fedha yangu yote ilikuwa ya usanifu wa mafunzo, ambayo haikutaka hata umeme. Mhadhiri alituambia tuandike, kwa kila lengo la somo, ni kitu gani mwanafunzi atakifanya ambacho mwalimu anaweza kukiona kwa macho. Nilirudi kwenye maandalio yangu ya miaka sita nikakuta nimeandika “wanafunzi waelewe” mara zisizohesabika. Kwa hiyo, ukipewa mtaala wa shahada, hesabu kozi zinazotaja majina ya programu za kompyuta. Zikizidi nusu, tafuta kwingine.

Jibu: Mwalimu, Makueni

Hamjambo walimu wa upande huo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kenya, na nilisomea shahada kama hiyo mtandaoni kwa chuo kimoja cha Amerika Kaskazini, kwa hiyo naongezea kuhusu njia hiyo ya pili.

Programu za aina hii si jambo la jana. Chuo Kikuu cha British Columbia, kilichoko Vancouver, Kanada, kimekuwa kikitoa uzamili wa teknolojia ya elimu mtandaoni tangu mwaka 2002, kwa kozi kumi, na kile cha Edinburgh, Uskoti, kilianza yake mwaka 2006. Karo ndiyo inayomkata mwalimu wetu miguu. Njia halali ninayoifahamu ya kuikwepa ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, unaotolewa na Uingereza kwa raia wa nchi zinazoendelea za Jumuiya hiyo, ambao humruhusu mtu kubaki nyumbani na kazini. Orodha ya kozi zinazofadhiliwa hubadilika, kwa hiyo usijiunge kwanza na chuo ukitumaini ufadhili utafuata.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni saa. Vancouver ilikuwa nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja, kutegemea msimu, na mjadala wa jioni wa wenzangu ulikuwa ukianza kwangu saa tisa usiku, stima ikiwa imepotea na simu ikiwa na asilimia kumi na mbili ya chaji. Chagua programu ambayo mijadala yake huandikwa na kujibiwa kwa muda wa siku kadhaa. Nawe ukijibu saa yoyote, utahesabiwa umehudhuria.

Kuna na tatizo la pili, nalo ni la mifano. Karibu kila makala tuliyosoma ilichukulia kwamba kila mwanafunzi ana kifaa chake, mtandao wake na chumba chake. Nilipoandika kwamba shuleni kwetu vishikwambi vya wanafunzi wa Gredi ya 1, vilivyoletwa na mradi wa kitaifa ulioanza mwaka 2016, vililala kabatini mihula miwili kwa sababu mwenye ufunguo alihamishwa, mhadhiri alidhani ninafanya mzaha. Baadaye alinitaka niigeuze hadithi hiyo kuwa kazi ya muhula, na ndiyo kazi niliyopata alama za juu kuliko zote. Nilichora njia ya kila kifaa kutoka kabatini hadi mikononi mwa mtoto, nikahesabu watu ambao lazima waseme ndiyo kabla ya somo kuanza. Walikuwa watano, na mwalimu wa darasa alikuwa wa mwisho.

Kwa hiyo, Mwalimu wa Njombe, chuo cha nje kitakufaa ikiwa una moyo wa kubishana na vitabu vyake. Ukitaka kupewa mapishi tayari, yatakuwa mapishi ya jiko ambalo huna.

Jibu: Maalim, Pemba

Nami nisogee kidogo, ingawa mimi sikufika uzamili. Vijana wetu wanaposikia teknolojia ya elimu huona kompyuta tu. Hapa Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo walifundishwa kwa redio katika mpango uliojulikana kwa vipindi vyake vya Tucheze Tujifunze, mpaka vijijini ambako skuli ilikuwa mbali. Redio ikisema “simameni”, watoto husimama. Ikiuliza swali, hunyamaza kwa sekunde kadhaa wapate kujibu. Ukimya ule ulikuwa umepimwa na kuandikwa kabla ya kurekodiwa. Mwenye kutaka kusoma fani hii aulize kama chuo chake kitamfundisha kuupima ukimya kama ule, kwa sababu video nyingi za masomo ninazoletewa leo hazimwachii mtoto hata pumzi moja ya kujibu.

Jibu: Mhadhiri na msimamizi wa tasnifu, Dar es Salaam

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na nitajibu zaidi lile swali la kitunguu, kwa sababu aliyeuliza ametaja ada na bando kama ndiyo matatizo yake, wakati tayari ana mada ya utafiti ambayo wanafunzi wangu wengi huitafuta mwaka mzima bila kuipata.

Kila mwaka hunifikia mapendekezo yenye kichwa kile kile: athari za matumizi ya TEHAMA katika ufaulu wa wanafunzi wa wilaya fulani. Huwa nayarudisha. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Richard Clark, aliandika kwamba chombo cha kufundishia hakiathiri ujifunzaji kwa chenyewe, kama vile lori linaloleta chakula lisivyobadilisha lishe yetu. Kinachofundisha ni namna somo lilivyopangwa. Robert Kozma alimpinga, akasema vyombo vingine humwezesha mwanafunzi kufanya kwa akili yake mambo ambayo vingine haviwezi. Mabishano hayo hayajafa, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 kuhusu kompyuta za mkononi walizopewa watoto katika shule 319 za vijijini nchini Peru iliyatilia kuni, kwani haikuona mabadiliko katika alama za Hisabati na lugha, japokuwa vifaa vilifika na vilitumika. Mwalimu wa Njombe amekutana na jambo la namna hiyo hiyo akiwa na projekta moja.

Hebu tazama kilichotokea kwenye foleni. Mtoto alichungulia kwa nusu dakika, akaondoka, akarudi kwenye dawati lake, na ili achore ilimbidi aishike picha kichwani. Foleni ilikuwa mbaya kwa muda wa kipindi, lakini ilimlazimisha kukumbuka. Projekta ilipoiweka seli ubaoni, mtoto alichora huku anatazama, mstari kwa mstari, na kunakili kwa jicho hakudai kumbukumbu. Hiyo ni dhana yangu tu, na inaweza kuwa si kweli. Ila inapimika: mwanga ukizimwa kabla ya watoto kushika penseli, je, wiki mbili baadaye watachora vizuri zaidi? Huo ni utafiti wa usanifu, ambao mwalimu hupanga somo, hulifundisha, hutazama lilipokwama, hulipanga upya na kulirudia, kila mara akiandika alichobadilisha na sababu yake. Hauhitaji vishikwambi 68.

Utakapofika chuoni utakutana mapema na mfumo uitwao TPACK, wa kuunganisha ujuzi wa teknolojia, wa kufundisha na wa somo lenyewe, ulioelezwa na Punya Mishra na Matthew Koehler mwaka 2006 kwa kuendeleza wazo la Lee Shulman la miaka ya 1980. Wanafunzi hupenda kuchora miduara yake mitatu na kuishia hapo. Maana yake kwako ni hii: ujuzi wa kuunganisha kishikwambi na projekta unao, ujuzi wa seli unao, na ujuzi wa kufundisha unao pia, lakini kujua ni lini picha ya seli iondolewe mbele ya mtoto ni ujuzi wa nne, ambao hauzaliwi kwa kujumlisha hiyo mitatu.

Tahadhari moja. Ukitafiti darasa lako mwenyewe, wewe ndiye unayetoa alama, na mtoto hawezi kukukatalia kwa uhuru. Kwa hiyo ridhaa iombwe kwa wazazi kupitia mtu mwingine, na anayekataa asipoteze somo wala alama. Barua ya kibali cha utafiti hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ifike shuleni, hata kama shule yenyewe ndiyo unayofanyia kazi. Ianze miezi mitatu kabla.

Kuhusu cheo sitakudanganya. Nimewaona wengi waliorudi na shahada wakakuta hati ya mshahara iko vile vile, na wengine walioitwa kuwezesha mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) au kuandaa maudhui. Usikope fedha kwa kutegemea la pili.

Muuliza swali, baada ya siku tisa

Daktari, shikamoo, na ninyi nyote ahsanteni sana. Nimewajibu kwa kuchelewa kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Alhamisi nilirudia somo kwa mkondo wa pili, ambao ulikuwa bado haujaliona. Niliwaonyesha seli kwa dakika nne, nikawataka wataje wanachokiona huku mmoja akigusa ubao kwa rula, kisha nikazima projekta na kusema, “Chukueni penseli.” Palikuwa na kimya kwanza, halafu kelele za malalamiko, na mtoto mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama umeme umekatika. Nilipopita kati ya madawati niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye michoro iliyonakiliwa: wengi walichora kuta vizuri, lakini kiini wakakiweka katikati kabisa, kama kwenye mchoro wa kitabu, wakati kwenye hadubini kilikuwa kimesukumwa pembeni. Hawakuchora walichokiona. Nikawasha tena kwa dakika moja, wakalinganisha, wakafuta wenyewe. Jaribio la baada ya wiki mbili bado halijafika, kwa hiyo sina matokeo ya kuwaletea.

Nimeamua kusoma hapa nchini kwa masafa, kozi moja kwa muhula, na ada nitailipa kwa awamu kutoka kwenye kikoba cha walimu ambacho zamu yangu ya kupokea ni Septemba. Swali langu lililobaki ni kwa Mwalimu wa Singida: je, nimwandikie mwajiri kuomba ruhusa hata kama sitaondoka kituoni?

Jibu: Mwalimu wa Hisabati, Singida

Mwandikie. Mimi sikuandika mwaka wa kwanza, nikidhani masomo ya alfajiri hayamhusu mtu, na ratiba ya mitihani ya chuo ilipogongana na zamu yangu sikuwa na karatasi ya kuonyesha, ikabidi nibadilishane na mwenzangu kwa zamu zake mbili. Pitisha barua kwa mkuu wa shule, iende kwa Mkurugenzi, uambatishe barua ya udahili na kalenda ya mitihani ya chuo, na uombe uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, uitunze pamoja na risiti za ada. Na ile michoro yenye kiini katikati usiwarudishie watoto kabla hujaipiga picha.